Nukta Tatu Chini ya Kava ya Klachi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko barua hupita mikononi mwa wengine kabla ya kumfikia mwenyewe, lakini nakufahamu. Ungeigeuza bahasha kwanza, ukanusa gundi, ukauliza nani ameshaisoma. Hii wataisoma wengi, Baba. Ni ya wazi, na ukifika mwisho wake utajua kwa nini haikufaa kuwa siri.

Wiki tatu zilizopita alikuja dukani bwana mmoja wa kampuni ya pikipiki za Tarishi. Alikuja Jumanne asubuhi, mvua imetoka kunyesha, viatu vyake vinang'aa. Kisugu kwetu mtu mwenye viatu vinavyong'aa siku ya mvua ama ameshuka kwenye gari ama ana lake jambo. Jina lake Denis. Alinisalimia kwa Kiganda, kisha kwa Kiingereza, halafu alipoona Bismillahi juu ya mlango akahamia kwenye Kiswahili cha polisi. "Madam, tunasikia uko na Tarishi Mia ya kwanza kabisa. Bado inatembea?" Nikamjibu kwamba inategemea anayeuliza ni nani.

Usicheke. Ndivyo ulivyonilea.

Akaeleza. Kampuni inafungua ukumbi Bugolobi, kule kwenye viwanda, na wanataka kupanga humo pikipiki na skuta zote walizowahi kuuza Uganda, kuanzia ya kwanza hadi ya leo, watu waje waziangalie na kupiga picha. Skuta wameshaipata kwa padri mmoja mstaafu. Mia ya toleo la kwanza hawajaipata, kwa sababu karibu zote zilifia kazini. Tukiwaachia yetu watatupa mpya ya umeme. Nilimuuliza mara tatu wanataka chuma kizee cha nini. Mara tatu akanipa jibu lile lile, neno kwa neno, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, maana mtu mkweli akirudia jambo hubadilisha maneno kidogo. Nikamwambia arudi kesho, na aje na kitambulisho.

Historia ya Tarishi aliyonisimulia Denis ilikuwa fupi na safi, ipo kwenye karatasi za rangi. Mimi ninayo nyingine, niliyoisikia nikiwa nimekaa juu ya tanki, mgongo wangu umeegemea kifua chako na mikono yako imenizunguka kushika usukani.

Inaanza na skuta ya Babu. Injini yake ilikaa upande wa kulia peke yake, na ulikuwa ukiniambia kwamba wazee wote walioiendesha walizoea kuinama kushoto kuisawazisha, hata siku walizotembea kwa miguu. Babu aliitumia kubeba vitambaa vya dukani na kuwapeleka watoto madrasa. Ulikuwa bado mdogo ulipoanza kumshuku aliyeitengeneza. Ulimuuliza Babu kwa nini kampuni ya mbali, ya watu wasiojua lugha yetu, iipe mashine yake jina la Kiswahili. Babu akasema ni heshima. Wewe ukasema ni chambo. Mlibishana hivyo mpaka skuta ikaisha bati.

Kisha ikaja Mia, na mji ukabadilika. Kabla yake abiria wengi walipanda nyuma ya baiskeli, kwenye kimto kilichofungwa juu ya keria. Mia ilikuwa nyembamba, nyepesi, inakunywa petroli kidogo, na kwenye kiti chake niliwahi kuona mama, watoto wake na mkungu wa matoke, wote wakiwa wametulia. Wewe ulinunua ya toleo la kwanza, nyekundu. Wiki nzima ulikuwa ukiilainisha injini, unakwenda Kabalagala na kurudi polepole kuliko watembea kwa miguu, na wanawake wa sokoni wakikupita wanakuuliza kama unahitaji kusukumwa. Hukuwajibu. Ulikuwa unaisikiliza.

Baada ya Mia ikaja ile tuliyoiita Ndefu, yenye kiti kirefu na rimu za kumeta, kisha ile kubwa ya maofisa wa mashambani ambayo ilihitaji mtu mwenye miguu mirefu. Ulizishuku zote. Ulisema Ndefu ni Mia iliyovaa nguo za sikukuu, na hukukosea sana, maana walikuwepo mafundi waliochukua Mia iliyochoka, wakaibandika kava na nembo za Ndefu, wakamuuzia mtu wa mbali. Tuliwajua kwa majina. Sasa ziko za umeme, madereva wanaziita Kimya. Hazina injini ya kuitegea sikio, Baba. Betri ikiisha unakwenda kibandani, unaiacha, unapewa nyingine iliyojaa. Najua ungemuuliza mwenye kibanda: na hii nani kailalia kabla yangu?

Ilikuwa raha kuwa mwanao, nataka watu walijue hilo kabla ya yatakayofuata. Ulinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, nisikie valvu zinavyogonga. Ulininunulia roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, kila Ijumaa baada ya swala, ukamsimamia muuzaji kuhakikisha ni mawili kweli. Watu walipokusifu ulipapasa mifuko yako. Nilidhani akina baba wote wako hivyo.

Katika kazi yetu mtu haachi mashine yake kwa fundi akaenda zake. Hakuna aliyeniambia ni sheria, niliiona tu. Mteja akileta pikipiki anapewa kigoda, anakaa hapo hapo mpaka nati ya mwisho ikazwe, kwa sababu akienda kunywa chai huenda akakuta kabureta yake imekwenda na ya mwingine imekuja. Hakuna anayekasirika. Kigoda chenyewe huletwa na fundi. Lakini wewe kigoda hakikukutosha. Kwenye Mia ulipiga alama yako, nukta tatu kwa ncha ya chuma, zimekaa kama mafiga, chini ya ukingo wa kava ya klachi, mahali ambapo jicho halifiki ila kidole. Alama hiyo tuliijua wawili, wewe na mimi. Mama hukumwambia. Ssalongo naye hukumwambia.

Ssalongo wewe unamjua, ila kuna watakaosoma hapa ambao hawamjui. Alikuwa mwenzako wa kontena lililokuwa gereji yenu. Upande wa kushoto ulikuwa wako, wa kulia wake, spana zilikuwa zenu nyote. Jina hilo alilipata siku mkewe alipojifungua mapacha, na mke naye akawa Nnalongo. Siku za Idd walikuja kwetu wote wanne, Krismasi akatuletea matoke na kuku aliye hai ili tumchinje wenyewe. Alikuwa mtu wa kucheka kwa tumbo lote. Ndiye peke yake aliyeweza kukutania, akikuita ndugu yake kwa Kiganda: "Muganda wange, wewe hata kivuli yako unafungia kufuli." Ulicheka. Nimejaribu kumkumbuka mtu mwingine aliyekuchekesha hivyo, sijampata.

Ndipo ukaenda Mbale kwenye maziko ya ami yako. Ulikaa juma zima, na kwa mara ya kwanza maishani mwako ulimwachia mtu ufunguo wa Mia. Nilikuwa na miaka ishirini, tayari nimeshika kaunta ya vipuri, na niliviona vidole vyako vilivyochelewa kuuachia.

Uliporudi uliiwasha, ukaisikiliza kidogo, ukaizima. Ukasema, "Hii siyo sauti yake." Ukapiga magoti hapo hapo na kanzu ya safari, ukaingiza kidole chini ya kava. Ukakitoa. Ukaingiza tena. Halafu ukaniita. "Pima wewe." Nikapima. Palikuwa laini, hapana nukta hata moja.

"Hamna, Baba," nikasema.

Maneno mawili. Nimeyabeba wiki hizi tatu kama mtu aliyemeza jiwe.

Ssalongo hakukana kava. Alisema pikipiki iliteleza kwenye tope pale mteremkoni, ikalalia jiwe, kava ikapasuka, akanunua nyingine mjini akaifunga. "Mbona hukusema?" ukamuuliza. Akasema, "Niliogopa mudomo yako. Nilitaka niseme pole pole." Ukamtaka kava iliyopasuka. Akasema ameitupa kwenye vyuma vya kuuza, ataitafuta. Ukacheka kicheko nisichokipenda. Ukamwambia hakubadilisha kava, amebadilisha injini nzima, yako nzuri ameiuza na hii amekufungia ya watu, ndiyo maana sauti si ile. Akakusihi, "Soma namba, muganda wange. Namba ni ile ile." Ukamjibu kwamba namba hupigwa kwa nyundo, na kila mtu Kampala anamjua anayezipiga.

Hapo ndipo ulipomfunga, Baba. Namba isingelingana, ni mwizi. Imelingana, ni mwizi mwenye nyundo.

Jumapili ukaenda naye steji, kituo cha madereva wa pikipiki. Madereva walijaa, mafundi walijaa, mwenyekiti ameweka daftari lake magotini. Ulisema uliyosema. Kisha ukanigeukia mimi, ukaniambia nieleze nilichokipima kwa kidole changu. Nikaeleza. Nilijivuna, nakiri. Nilikuwa msichana pekee pale, na wanaume wote wamenyamaza wananisikiliza habari za injini. Ssalongo alisimama na kofia yake mkononi, hakuniangalia mimi, alikuangalia wewe. Mwenyekiti akapiga mstari juu ya jina lake. Tangu siku ile hakuna dereva wa Kisugu aliyempelekea hata plagi ya kusafisha, na haukupita muda wakahamia Kawempe, yeye, Nnalongo na mapacha. Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa tena.

Sasa rudi kwa Denis. Alikuja kesho yake na kitambulisho. Nilikisoma mbele na nyuma, nikampa kigoda nje, nikamtolea Mia. Akatoa karatasi nyembamba, akailaza juu ya namba ya injini, akapitisha penseli mpaka tarakimu zikajitokeza. Akafanya hivyo hivyo kwenye fremu. Akaziweka bega kwa bega na picha za kiwandani alizokuwa nazo. Kila nne iliyopigwa kiwandani ina pembe iliyokatika, akanionyesha, na zetu zote zina pembe iliyokatika. Injini na fremu zilitoka kiwandani pamoja. "Madam, hii namba mtu hajaigusa," akasema kwa furaha. "Hii ndiyo injini yake ya kuzaliwa nayo."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anadanganya. Nilifikiri wanaitaka sana hata wako tayari kuisafishia ukoo. Nikamwambia aondoke, nitampigia.

Alipoondoka nikachukua tochi nikainama mwenyewe. Chuma kilichopigwa tupa ili namba ibadilishwe huwa kinateleza, ngozi yake ya kiwandani imekwisha. Hapa ngozi ilikuwepo, ina vijishimo vyake vyote kama ganda la chungwa, kuzunguka kila tarakimu na katikati yake. Mimi nauza vipuri tangu ujana, Baba. Namba bandia naitambua nikiwa nimesimama, bila miwani. Wateja wananiletea injini niwaambie ukweli wake. Na kwa miaka yote hii, mashine imelala ukumbini kwetu, sikuwahi kuinama mara moja nikaiangalia ya kwetu. Nilikuwa nimeshatoa ushahidi, na shahidi hapendi kurudi kuangalia.

Nilikaa sakafuni mpaka Mama akauliza kama nimeangusha kitu.

Alhamisi nikaiwasha Mia nikaenda Kawempe. Kumpata haikuwa kazi, kila mtu huko anamjua Ssalongo wa baiskeli. Yuko barazani kwake, anaziba tairi la toroli, nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliitazama pikipiki kwanza. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe ni mutoto ya Shaabani."

"Ndiyo, Ssalongo. Habari za siku nyingi?"

"Baba yako alikufa, tulisikia." Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Sasa umekuja kuchukua nini?"

Nikamwambia sikuja kuchukua kitu. Nimekuja kuomba msamaha. Injini ni ile ile, nimeiona kwa macho yangu, na yule bwana wa kampuni naye ameiona.

"Kampuni?" Akarudi nyuma na kiti chake. "Nyabo, madam, mimi ni muzee. Sisaini kitu."

"Hakuna cha kusaini."

"Nani alikutuma?"

"Sijatumwa."

"Sasa ulikuwa wapi?"

Nnalongo alitoka ndani na kikombe cha chai, Ssalongo akakitazama kile kikombe, akamwambia mkewe arudishe kwanza tumalize maneno. Mtu aliyekuwa akicheka kwa tumbo lote. Nilimwangalia akinikagua mikono, mkoba, uso, anatafuta nimeficha nini, na nikaitambua ile namna ya kuangalia. Ni yako. Uliiacha kwake siku ile pale steji, akahama nayo.

Nikamwuliza kuhusu sauti. Nilitaka kujua, maana hata mimi niliisikia, ilikuwa imebadilika kweli. Akasema, "Ilikuwa inapiga kelele ya valvu. Baba yako alikuwa hasikii, masikio yake ilikuwa imezoea. Nikarekebisha. Bure. Nilisema akirudi kwa maziko, atakuwa na huzuni, apate kitu ya kumfurahisha."

Hapo nikalia, na sioni haya kusema. Nililia barazani kwa watu, mafuta ya pikipiki kwenye mikono, na Nnalongo akasema "bambi", yaani pole, akaleta chai bila kumuuliza mtu.

Ssalongo hakulainika. Alingoja mpaka nikamaliza. "Unaniambia mimi kwamba sikuiba," akasema. "Mimi nilikuwa sijui? Nnalongo alikuwa hajui? Mungu je? Enda useme kule ulisemea. Watu walikuwa wengi siku ile."

"Wengine wamekufa, Ssalongo."

"Wengine wako."

Nilipokuwa nainuka akaongeza jambo, kana kwamba si kubwa. Aliitafuta ile kava. Aliifuata mpaka kwa wanunuzi wa vyuma, akachambua rundo lao siku mbili, akaipata. Ilikuwa juma moja baada ya steji. Akamtuma Nnalongo ailete kwetu, yeye mwenyewe alikuwa ameshakatazwa kupita njia ile. "Alimupa baba yako mukononi," akasema. Nikamtazama Nnalongo. Akaitikia kwa kichwa.

Nilirudi Kisugu nikiwa nimeamua kwamba wanadanganya. Nataka ulijue hilo, Baba. Njia nzima nilikutetea. Nilisema hawa wana uchungu wa miaka, wameongeza chumvi. Nilisema kama kava ingeletwa, ungepitisha kidole tu, ukazikuta nukta zako, na Jumapili inayofuata ungekuwa steji unalirudisha jina la mtu. Kwa sababu ulikuwa mtu wa haki. Ulimsimamia muuza roleksi kwa sababu ya yai.

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nilimwuliza moja kwa moja, "Mama, Nnalongo aliwahi kuja hapa na kitu, baada ya yale maneno?"

Hakuinua uso. Kisha akaweka ungo chini, akaingia chumbani, nikasikia kifuniko cha sanduku lako. Akarudi na kitu kimefungwa kwenye kilemba chako cha zamani, akaniwekea mapajani, akakaa tena kwenye ungo wake.

Kava ya klachi, Baba. Ufa unaanzia juu mpaka chini, tope la Kisugu bado limekauka ndani yake. Sikuhitaji kuigeuza. Kidole kilikwenda chenyewe chini ya ukingo, kikazikuta. Tatu.

"Alijua," nikasema.

"Alijua siku ile ile," Mama akasema. "Aliipapasa, akakaa kitandani. Akasema atakwenda Kawempe baada ya Idd."

"Idd gani?"

"Hakusema."

Basi nimekuandikia. Nina hasira nawe, na nina aibu, na nimekukumbuka sana, vyote vitatu kwa pamoja, na sijui nikianza na kipi vingine vitakaa wapi. Nimejiuliza kila aina ya swali kukuhusu, mimi mwanao, niliyekuwa nikishuku kila mtu isipokuwa wewe. Ulikuwa unalifungua lile sanduku? Kila Idd ilipokaribia ukanyamaza mezani, ilikuwa ni hii? Ile mara uliyonituma Kawempe kununua minyororo, ukabadilisha nia nimeshafika mlangoni, ukasema tutaagiza mjini, ilikuwa ni hii? Sasa kila nikikumbukacho nakigeuza niangalie nyuma yake kuna nini. Umeniharibia kumbukumbu nzuri, Baba, hata ya tanki.

Ninavyokuelewa, hukuogopa kuomba radhi. Uliogopa siku ya pili yake. Ukimrudishia Ssalongo jina, kila mteja uliyemkatalia, kila fundi uliyemwita mwongo, angekuja na kava yake. Na ungebaki na nini? Watu walikuja kwetu kwa sababu Shaabani hadanganyiki. Duka hili linalotulisha mimi na Mama limesimama juu ya hilo. Nikisema ninayoyasema hapa, wapo watakaovuka barabara wakanunue kwa jirani, na sitawalaumu. Na ningelimwambia Ssalongo alama iko wapi, au wewe ungelimwambia, angeiokota ile kava mavumbini siku ile ile akakuletea kwa mikono miwili. Hatukumwambia. Tulimwachia ufunguo, tukamficha nukta tatu.

Denis bado anangoja jibu. Karatasi yake ya historia ya mashine ina nafasi ya mwenye mali na nafasi ya mafundi walioitunza. Kwenye mwenye mali nimekuandika wewe. Kwenye mafundi nimeandika majina mawili, la Ssalongo nimelitanguliza, kwa sababu Mia inakwenda mpaka leo kwa valvu alizozirekebisha yeye. Kama kampuni haitaki majina mawili, Mia ibaki ukumbini kwetu.

Na sasa niseme pale pale nilipokosea, nyinyi wote mnaosoma na mnaosikiliza mkiwa mashahidi. Ssalongo hakuiba injini. Hakubadilisha injini. Alivunja kava, akanunua nyingine, akaogopa kusema, basi. Mimi niliyesimama steji nikasema hamna alama nilisema kweli kuhusu alama na nikasaidia uongo kuhusu mtu. Baba yangu, fundi Shaabani, aliujua ukweli juma moja baadaye, akauweka sandukuni, akafa nao. Mungu amrehemu. Mnaomjua Ssalongo mkaacha kumsalimia, anapatikana Kawempe, barazani kwake, kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi akiwa kanisani.

Nakuaga, Baba. Dua zangu hazijapungua, na Ijumaa nitakuja kaburini kama kawaida, ila sitakuwa na maneno mengi.

Jumapili hii nitaisoma barua hii steji, kwa sauti, mwenyekiti mpya ameshanipa nafasi. Nilimpelekea Ssalongo mtu amwalike. Amesema haji. Amesema Nnalongo ndiye atakayekuja, asimame nyuma, asikilize kama kweli nitalifikia jina lako na ulichokificha, kisha arudi amwambie.

Nitalifikia.

Mwanao, na shahidi wako